Pendekezo la kuunganisha mifumo: mteja ananunua mshono

Kwenye mizani ya malori ya kiwanda kimoja nje kidogo ya Lubumbashi, karani wa zamu alinionyesha daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila gari linalopanda mizani, kompyuta inatoa tiketi, na tiketi hiyo inakwenda yenyewe kwenye programu ya stoo. Halafu yeye anaandika tena kwa kalamu. Nikamwuliza kwa nini kazi moja aifanye mara mbili. Akacheka.

"Ile mashini inasemaka bongo, mukubwa. Siye tunaandikaka mu kayé."

Bongo kwake ni uongo, na kayé ni daftari. Kumbe mashine ilikuwa inasema kweli, ila kwa Kiingereza. Kilo elfu thelathini na mbili mia nne hamsini iliziandika 32,450, koma ikitenga maelfu. Programu ya stoo imewekwa kwa mtindo wa Kifaransa na inahesabu kwa tani. Kwake koma ni alama ya desimali. Ikasoma tani thelathini na mbili na ushei. Jibu likawa sahihi kwa bahati tu, na kwa kuwa lilikuwa sahihi hakuna aliyelichunguza. Mpaka ipande pikapu yenye mifuko ya chokaa, kilo 850. Hapo koma haipo. Stoo inapokea tani 850 za chokaa kutoka pikapu moja, na karani anafungua kayé.

Tulikuwa pale kwa ziara ya eneo la kazi, kabla ya kuandika zabuni ya kuunganisha mifumo ya kiwanda hicho. Walioalikwa walikuwa wengi. Karibu wote walibaki kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi, wakitazama slaidi za mteja. Siwalaumu, jua lilikuwa kali. Lakini wakati wa kuandika, sisi tulikuwa na koma na wao walikuwa na slaidi.

Kinachonunuliwa hasa

Watu wakisikia "kuunganisha mifumo" wanafikiria nyaya. Tufanye hesabu ndogo. Kampuni yenye mifumo mitano, tuseme mizani, stoo, hesabu, mishahara na saa ya vidole ya getini, ina jozi 10 zinazoweza kutaka kuzungumza. Ikiongeza mitatu tu, ikafika minane, jozi zinakuwa 28. Ndiyo maana kazi inayoonekana ndogo kwa macho inameza miezi. Dawa ya kawaida ni kuweka mfumo mmoja katikati, upokee ujumbe wa kila upande na kuugawa, ili kila mfumo ujifunze lugha moja badala ya saba. Hata hivyo lazima mtu akae na kila mfumo auulize: unasema nini, kwa umbo gani, saa ngapi, na usipojibiwa unafanya nini?

Ukipeleka kitambaa kwa fundi cherehani wa Kamalondo, humlipi kwa ajili ya kitambaa. Kitambaa ni chako, umekinunua sokoni. Unamlipa mshono. Na kwa mteja wetu ni vivyo hivyo. Programu ya hesabu kama Sage anayo tayari, au SAP ameletewa na kampuni mama. Mizani ilishafungwa na muuzaji wake. Saa ya vidole ilinunuliwa na mtu wa ulinzi bila kumwuliza mtu. Asichokuwa nacho ni mtu wa kujibu pale viwili vinapokutana. Mishahara ikikosewa, mwenye saa ya vidole anasema data yake ilitoka vizuri, mwenye programu ya mishahara anasema hakupokea kitu, na mteja anabaki katikati, mwisho wa mwezi, wafanyakazi wakiwa wamejaa getini.

Pendekezo linaloshinda linamwonyesha huyo mteja kwamba umeiona mishono yake, mmoja mmoja, na kwamba kila mmoja una mtu wa kuujibia. Mengine yote ni mapambo au makaratasi. Nasema hivi nikijua kwamba mapendekezo yangu ya miaka ya kwanza yalianza na historia ya kampuni, picha ya mkurugenzi akiwa na tai, na ramani ya Afrika yenye vidoti vyekundu. Kurasa kumi na mbili kabla mteja hajasoma neno lolote linalomhusu.

Soma kabla hujaandika

Hati ya mahitaji, ile ambayo huku kila mtu anaiita cahier des charges, naisoma mara tatu. Mara ya kwanza natafuta mambo yanayoweza kunitoa nje ya mchezo: tarehe, dhamana ya zabuni, idadi ya nakala, miradi ya kufanana tunayotakiwa kuwa tumeifanya. Kama moja hatuna na haliwezi kupatikana, tunaacha. Kuandika pendekezo zuri ni wiki tatu za watu wako bora. Afadhali wiki hizo ziende kwenye kazi unayoweza kuipata.

Mara ya pili natafuta migongano. Hati nyingi zimeshonwa kwa viraka vya hati nyingine. Ukurasa wa 12 unataka seva ikae kiwandani, ukurasa wa 40 unataka kila kitu kiwe kwenye wingu. Aliyeandika hakusinzia, ni watu wawili wa idara mbili ambao hawajakaa meza moja. Mgongano kama huo unakueleza mengi kuhusu mteja kuliko utangulizi wake.

Mara ya tatu nasoma yasiyoandikwa, na hapa ndipo pesa inapopotea. Nani atasafisha data ya zamani kabla haijahamishwa? Nani anayo maneno ya siri ya mfumo wa zamani? Yule kijana aliyeutengeneza yuko wapi? (Jibu mara nyingi ni "alikwenda Kinshasa", au Canada.) Muuzaji wa mizani atakubali tuguse kompyuta yake, au atasema dhamana imekufa? Hati ikikaa kimya juu ya jambo, tafsiri ya ukimya huo baadaye itakuwa ya mteja, nawe utalipia.

Kuna kipindi cha kuuliza maswali, kwa maandishi, na kwa kawaida majibu hutumwa kwa washindani wote. Kwa hiyo kila swali ni taa unayowawashia wenzako. Mimi nauliza yale ambayo bila jibu bei haiwezi kuandikwa: idadi ya watumiaji, miaka ya data ya kuhamishwa, nani anamiliki leseni. Niliyoyaona kwa macho yangu nayaweka kwenye pendekezo. Swali la koma sikuuliza. Mwenzangu mmoja aliona ni ujanja mbaya. Nikamwambia mlango wa mizani ulikuwa wazi kwa wote.

Bahasha ya makaratasi

Hii nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayoua dosie nyingi, yaani mafaili ya zabuni. RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, cheti cha kodi ambacho bado ni hai, uthibitisho wa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa kazi za serikali, sheria ya msingi ni ile namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya umma, yaani manunuzi ya serikali. Kwa kazi unazochukua chini ya kampuni nyingine ya binafsi, na migodini ndiyo nyingi, kuna sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu sous-traitance, yaani kazi za mkandarasi mdogo, inayosimamiwa na ARSP, mamlaka ya kazi hizo. Inasema kazi hizo ni za kampuni za Kikongo zenye mtaji wa Kikongo, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kugawa zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya mkataba mzima. Ukiwa kampuni ndogo ya Lubumbashi unayeombwa kusimama mbele ya kampuni kubwa ya nje kama pazia, soma sheria hiyo kabla hujaweka sahihi.

Na saa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Ukipeleka dosie kwa barua pepe Kinshasa, una saa moja ya zawadi. Mwenzako wa Kinshasa anayepeleka kwetu hana. Nimeshuhudia dosie ikikataliwa kwa dakika arobaini, na mwenyewe anaapa kwamba alikuwa na muda.

Alama zinavyohesabiwa

Wengi wanaamini bei ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa kununua viti, ndiyo. Kwa huduma kama hizi, mara nyingi ufundi na bei hupewa uzito tofauti, kisha vinajumlishwa. Ufundi unapewa alama, za juu kabisa zikiwa 100. Bei nayo inageuzwa alama: aliye chini kabisa anapata 100, na wengine wanapata 100 mara bei ya chini, kugawanya kwa bei yao.

Chukua kampuni mbili. Ya kwanza ina alama 85 za ufundi na bei ya dola 100,000. Ya pili ina 75 na dola 80,000. Alama za bei: ya pili 100, ya kwanza 80. Kama uzito ni 70 kwa ufundi na 30 kwa bei, ya kwanza inapata 59.5 na 24, jumla 83.5, ya pili 52.5 na 30, jumla 82.5. Aliyeuza ghali zaidi kwa dola elfu ishirini ameshinda kwa alama moja. Sasa geuza uzito uwe 60 kwa 40. Ya kwanza: 51 na 32, jumla 83. Ya pili: 45 na 40, jumla 85. Mshindi amebadilika, na hakuna aliyebadilisha neno hata moja kwenye pendekezo lake.

Uzito huo huandikwa kwenye hati ya zabuni tangu siku ya kwanza. Ajabu ni kwamba watu wanaweka bei kabla ya kuusoma. Kwenye 70 kwa 30, saa ishirini za mhandisi wako zikitumika kupata alama tatu za ufundi zina faida kuliko kujikata nyama kwenye bei. Kwenye 60 kwa 40 huenda si hivyo. Kaa na kikokotoo. Angalia pia kama kuna kizingiti: ukipata chini ya alama fulani za ufundi, bahasha yako ya bei inarudishwa bila kufunguliwa, na hapo hata ungeuza bure hakuna atakayejua.

Jambo la pili kwenye alama: wanaosahihisha wana karatasi yenye vipengele, na wana dosie sita za kusoma kabla ya Ijumaa. Panga pendekezo lako kwa mpangilio wa vipengele vyao, kwa majina yao, hata kama mpangilio huo unakuudhi. Mtu anayetafuta "mpango wa mafunzo" asipouona kwa jina hilo anaandika sifuri, hata kama umeueleza vizuri ndani ya sura ya utekelezaji.

Kuandika mshono wenyewe

Sentensi hii niliisoma kwenye pendekezo moja, na nimewahi kuiandika mwenyewe: "Kampuni yetu itahakikisha mifumo yote inaunganishwa kwa ufanisi kwa kutumia teknolojia ya kisasa." Mpe msahihishaji. Ataipa alama ngapi? Hakuna kitu ndani cha kupimwa.

Hii ndiyo tuliyoandika kuhusu mizani, kwa ufupi wake:

"Kila tiketi ya mizani itafika stoo ndani ya dakika tano. Uzito utatumwa kwa kilo, namba nzima, bila koma wala nukta. Kugeuza kuwa tani kutafanywa upande wa stoo. Umeme au mtandao ukikatika, tiketi zitangoja kwenye kompyuta ya mizani na kutumwa kwa mpangilio wake vikirudi. Kila tiketi ina namba yake, hivyo haitahesabiwa mara mbili hata ikitumwa mara mbili. Stoo ikiikataa tiketi, karani na mkuu wa stoo watajua siku hiyo hiyo. Mizani inatunzwa na muuzaji wake, stoo inatunzwa na idara yenu, katikati ni sisi."

Chini yake tukaweka nakala ya tiketi ya pikapu, kilo 850, pembeni yake mstari wa stoo, tani 850. Hatukuandika maelezo marefu. Niliambiwa baadaye kwamba ukurasa huo ulizunguka meza nzima.

Hilo la umeme usilione dogo. Pendekezo lililoandikwa na mtu ambaye hajawahi kufanya kazi Lubumbashi linachukulia kwamba umeme wa SNEL, shirika la umeme, haukatiki na mtandao upo. Sisi tunaandika kinyume: tunachukulia kwamba vitakatika, na tunaeleza ujumbe utalala wapi usiku huo. Mteja wa hapa akiona aya hiyo anajua kwamba tunaishi mji mmoja.

Kisha kuna majina. Kwetu mtu ana nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (jina linalofuata) na prénom (mara nyingi la Kikristo). Siasa ya uhalisi ya Mobutu ya mwaka 1972 iliondoa majina ya Kikristo na kuleta postnom. Baadaye majina ya Kikristo yakarudi, postnom ikabaki. Programu nyingi za mishahara zimetengenezwa kwa watu wenye majina mawili. Basi kwenye saa ya vidole mtu ni Ilunga Mwamba Joseph, kwenye mishahara ni Joseph Ilunga, na kwenye dosie ya daktari wa kampuni ni Mwamba J. Na kina Ilunga ni wengi. Ukiunganisha mifumo kwa kutumia jina, mtu mmoja atalipwa siku za mwenzake. Kwa hiyo tunaandika wazi: kiunganishi ni namba ya mfanyakazi, si jina, kabla ya kuhamisha data tutatoa orodha ya wasiolingana, na kuamua nani ni nani ni kazi ya idara ya wafanyakazi, tukiwa nao, kwa siku kadhaa zilizomo kwenye ratiba. Washindani wengi hawaziweki siku hizo, wakidhani ratiba fupi inapendeza.

Palipo na alama za vidole, ongeza aya ya data binafsi: zinakaa wapi, nani anazifungua, zinafutwa lini mtu akiacha kazi. Tangu sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, mteja makini atauliza.

Mwisho wa kila mshono, andika jinsi utakavyopimwa. Kwa mishahara, sisi tunapendekeza miezi miwili ya kuendesha zamani na mpya pamoja, na kila tofauti ielezwe, faranga kwa faranga. Hapo ndipo linapoibuka swali ambalo hati za mahitaji hulisahau: mshahara umekubaliwa kwa dola na unalipwa kwa faranga, kwa kiwango cha siku gani, na mfumo upi ndio unaokitunza? Kama mifumo miwili ina viwango viwili, huna haja ya mwizi.

Bei

Bei ya kuunganisha ni bei ya watu na muda wao, pamoja na mambo unayoyadhania. Orodhesha hayo unayodhania, kwa lugha ya kawaida, si kwa herufi ndogo: tumedhani mifumo ni mitano, tumedhani muuzaji wa mizani atatoa maelezo ya mlango wa programu yake, yaani API, ndani ya wiki mbili, tumedhani miaka mitatu ya data. Chini yake andika kinachotokea dhana ikianguka: siku ngapi, kiwango gani kwa siku. Kuna wanaoogopa kwamba orodha hiyo inamtisha mteja. Kwangu imekuwa kinyume. Anayetisha ni yule anayekuja mwezi wa nne na barua ya nyongeza.

TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Sema kama imo au haimo, kwa sababu kamati inayolinganisha bei yenye TVA na isiyo nayo itakosea, na haitakosea upande wako. Tenga leseni za kila mwaka na kazi ya mara moja. Vifaa vinavyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, viwe na mstari wao wa forodha na wa kusubiri. Na malipo yafungwe kwenye mshono uliokubaliwa: mizani na stoo imepita majaribio, sehemu hii inalipwa. Ukiacha malipo makubwa yangoje "mwisho wa mradi", utagundua kwamba mradi wa kuunganisha mifumo una miisho mingi.

Kuhusu wasifu wa watu: usiweke jina la mhandisi ambaye hatakuja. Kamati ikikuita kutetea, itamtaka yeye. Nimeona bosi akijibu maswali yote huku mhandisi aliyeandikwa kwenye dosie hayupo, na mama mmoja wa idara ya fedha akauliza kwa upole, "Papa, huyu tuliyemsoma ni mzima?"

Zabuni ya mizani tuliipata. Kwa bei tulikuwa wa pili. Kwenye pendekezo tulikuwa tumeandika kwamba karani ataendelea na daftari lake kwa miezi mitatu, na kwamba kila jioni daftari na stoo vitalinganishwa. Daftari hilo ndilo lilikuwa chombo chetu cha kupimia, la bei rahisi kuliko vyote. Mwezi wa tatu ulipoisha nilikwenda kumwambia sasa anaweza kupumzika. Chokaa ilikuwa imeshuka asubuhi hiyo, kilo 900, na stoo ilionyesha tani 0.9. Akaitazama skrini, akanitazama, akavuta kayé na kuandika 900.

"Ni ya kwangu hii, mukubwa."

Jalada lilikuwa jekundu safari hii.